Bwana Dole alikuwa wa kubuni, lakini matusi yake yalimpata mtu wa kweli

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa mjini na wa mashamba.

Nimeufuatilia ule mjadala wa roleplay tangu ulipoanza. Kwa aliyechelewa: kuna group moja ambamo watu huchukua wahusika wa kubuni, wakaandikiana hadithi kana kwamba ndio wao. Mmoja alijitungia mhusika kiwete. Basi kila huyo kiwete akitokea, wenziwe wakawa wanammiminia matusi ya mguu wake. Msimamizi akayafuta, na hapo moto ukawaka.

Wengi humu mmesema msimamizi ni mwoga. Mhusika hana masikio, hana mama, hana machozi. Aliyeumia ni nani?

Ni swali la haki, wala silicheki. Mimi shule niliacha darasa la sita, kwa hiyo msitegemee maneno makubwa kutoka kwangu. Lakini jambo hili nimelishuhudia kwa macho yangu miaka ya themanini, kabla hakujakuwa na simu ya mkononi wala group. Nitawaeleza lilivyokuwa, sitaongeza wala sitapunguza, isipokuwa majina nimeyabadilisha kwa sababu watoto wa wenyewe wapo.

Miaka hiyo nilikuwa sikai mahali. Nimezaliwa Mambrui, lakini mguu wangu haukutulia. Nimeosha gilasi katika baa za Mtwapa, nimekata nyasi za hoteli Malindi, nimebeba mawe ya kujengea. Nikisikia kuna jambo mahali, lazima niende nikalione.

Ndivyo nilivyofika kijiji kimoja nyuma ya Takaungu, upande wa bara. Ulikuwa msimu wa korosho na watu wa kuokota walitakiwa. Nilifikia kwa Charo, mgema, mtu mrefu mwenye maneno mengi, akanipa kibanda cha uani.

Kumbe Charo alikuwa anasoma ngumbaru.

Kwa vijana: ngumbaru ni masomo ya watu wazima wasiojua kusoma. Pale kijijini yalikuwa yanafanyika alasiri katika darasa la shule ya msingi, watoto wakishatoka. Mimi kusoma nilikuwa najua, ila nilimfuata Charo siku ya kwanza ili nione, na kwa nilichokiona nikawa siachi kwenda.

Hebu fikirini akina mama watu wazima, wenye wajukuu, wamebanwa katika madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Na wanaume wachache nyuma, wamekaa upande upande kama watu waliopita tu.

Mwalimu wao nitamwita Safari. Kijana mpole, mwenye bidii. Aliamini kwamba mtu akicheka husoma vizuri zaidi, na kwa hilo hakukosea. Ndiye aliyembuni Bwana Dole.

Bwana Dole alichorwa ubaoni kwa chaki: kichwa kikubwa, miguu ya kuku, na dole gumba la mkono wa kulia kubwa kama muhogo. Huyo ndiye mtu asiyejua kusoma, anayepiga dole gumba kila mahali. Siku moja kila wiki darasa liligeuka mchezo. Charo alivaa koti lake nje ndani, akawa ndiye Bwana Dole, akaenda hospitali ya kujifanya, akaenda posta ya kujifanya. Hospitali aliingia wodi ya wazazi, akalala kitandani akangoja kuzaa. Posta alitia barua yake katika pipa la taka, kisha akaliaga pipa kwa heshima.

Kazi ya darasa ilikuwa kumtukana. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya mchezo. Kila aliyeleta tusi jipya alipigiwa makofi.

"Macho mawili, na yote ni ya kulilia tu."

"Hicho si kichwa, ni mahali pa kuwekea kofia."

"Mbuzi akila gazeti anajua habari kukushinda."

Hilo la mbuzi lilitoka kwa mama mmoja mnene aliyekaa mbele, na siku ile Safari mwenyewe alikaa chini kwa kicheko. Mimi pia nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Charo alikuwa na kipaji, wakuu. Angezaliwa leo angekuwa na wafuasi wengi.

Nyuma kabisa, karibu na dirisha, alikaa mjane mmoja. Tulimwita Mekarisa, yaani mama yake Karisa, kama wanavyoitana Wagiriama. Jina lake mwenyewe lilikuwa Kadzo. Alikuwa mtu wa maneno machache. Wenziwe wakitukana yeye alifunika mdomo kwa leso, mabega yakawa yanacheza. Ungesema anacheka kama sisi.

Mekarisa alikuwa ameshajifunza kuandika jina lake. Ngumbaru walianza na hilo: jina kwanza, ili mtu asipige dole tena. Alilifanyia mazoezi hasa. Aliliandika kwa kijiti mchangani mbele ya kuku wake, akaliandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko. Nilikuwa naokota korosho katika shamba lake, kwa hiyo niliyaona hayo majina kila mahali, mengine yamesimama, mengine yamelala. Safari alimsifu mbele ya darasa: "Mwaona? Bwana Dole hamjui tena mama huyu."

Kabla sijaendelea, najua kuna mkuu atakuja kuniambia: mbona huko huko kwenu watu hutukana msibani, na hakuna anayelalamika? Ni kweli. Kwenye mahanga ya Wagiriama, matanga ya kumlilia marehemu, huimbwa nyimbo ambazo siwezi kuziandika humu. Nimezihudhuria. Wazee na vijana huimba matusi ya nguoni usiku kucha na hakuna anayekunja uso.

Lakini mahanga yana mwisho wake, na yakiisha maneno yale hufungwa pale pale. Ukiyasema kesho yake kisimani utatozwa faini ya mbuzi. Halafu hutajwi wewe wala hali yako. Matusi yale ni ya vitu ambavyo kila binadamu anavyo, mwimbaji mwenyewe na anayemsikiliza. Kwa hiyo msinisome vibaya. Mimi si mtu wa kuogopa tusi.

Turudi kwenye hadithi.

Mwaka ule wapimaji wa ardhi walikuwa wanazunguka kule. Ardhi ilikuwa inagawiwa rasmi, kila mtu aandikishwe chake. Hapa lazima nieleze jambo moja la kwetu, maana watu wa bara huwa hawalielewi. Kwetu, mnazi ni mali mbali na ardhi ni mali mbali. Mtu anaweza kukuuzia minazi yake, ukawa unaangua madafu na kugema miaka yote, na udongo iliposimama ukabaki wake. Nyumba yake inakaa katikati ya minazi yako na hamgombani.

Marehemu mumewe Mekarisa alimuuzia minazi jirani yao, Bwana Kenga. Kila mtu alijua. Kenga alikuwa mtu mwenye mwili na sauti, si mwizi, ila ni mtu anayejua kuvuta kamba upande wake.

Sasa ilitakiwa watu waandikiane makubaliano ya mipaka mbele ya karani katika ofisi ya chifu mdogo. Utaratibu wa pale ulikuwa hivi. Karani anakuuliza: "Sahihi au dole?" Ukisema dole, unakalishwa kwenye benchi, karatasi yako inasomwa kwa sauti mbele ya mashahidi wawili, unaulizwa umeelewa, ndipo unapakwa wino. Ukisema sahihi, unapewa karatasi yako mkononi, uisome mwenyewe, uandike jina, uende zako.

Yaani asiyejua kusoma alikuwa na ngao, na ngao yenyewe ilikuwa lile dole.

Mekarisa aliulizwa: "Sahihi au dole?"

Akasema: "Sahihi."

Mimi siku hiyo sikuwepo. Habari niliipata baadaye, tena kwa njia ya ajabu kidogo. Wapimaji walikuja wakapigilia vigingi vyao, na kigingi kimoja kikasimama kati ya jiko la Mekarisa na nyumba yake. Kenga akafika, akatoa salamu vizuri, akasema: "Mekarisa, wala usihangaike. Kaa tu, sikufukuzi. Ila jiko utalisogeza ukipata nafasi, maana huko sasa ni kwangu."

Kenga alipoondoka yule mama aliingia ndani, akatoka na karatasi iliyofungwa katika pindo la leso, akaniita.

"Mwanangu, macho yangu leo yana vumbi. Hebu nisomee."

Nikamsomea. Ilisema kwamba yeye, Kadzo, anakubali kuwa minazi na ardhi iliyo chini yake, kutoka mpaka fulani hadi mpaka fulani, ni ya Kenga. Minazi, na mikorosho ndani yake, ilikuwa imezunguka nyumba pande tatu. Kwa maneno mengine alikuwa amebakiwa na chumba, mlango, na njia ya kupitia.

Alikaa juu ya kinu. Kuku walikuwa wanapita miguuni mwake hata hakuwafukuza.

Nikamwuliza: "Mama, mbona hukuomba kusomewa? Si walikuwa wanawasomea watu pale?"

Aliniangalia kama mtu anayeangalia mtoto.

"Nikae kwenye lile benchi niwe Bwana Dole? Mama wa mbuzi alikuwa pale. Nusu ya darasa walikuwa pale."

Wakuu, mimi nilikuwa nimemwona mama huyu akicheka kila wiki. Hapo ndipo nilipojua kwamba ile leso mdomoni haikuwa ya kicheko.

Nami, kwa akili zangu za ujana, nikampa ushauri. Nikamwambia aende kwenye kamati ya ardhi aseme Kenga alimdanganya, alimwambia karatasi ni ya minazi peke yake. Nani angebisha? Mjane na mtu mwenye sauti kubwa, watu wangemwamini mjane.

Mekarisa akatikisa kichwa.

"Hakunidanganya. Hakusema neno. Alinipa karatasi, nami nikaishika nikajifanya naisoma. Nikisema uwongo, nitakuwa sina ardhi na sina uso."

"Sasa utasema nini?"

"Nitasema sijui kusoma."

Alilisema taratibu, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Kisha akainuka akaingia ndani, na nilidhani ameghairi. Usiku ule hakupika. Asubuhi nilimkuta ameshafua leso yake nzuri, ameianika.

Mwalimu Safari alipopata habari alikuja mbio. Yeye alitaka mama asiseme hivyo hadharani. Alikuwa na hoja: darasa lake lilikuwa linaangaliwa na wakubwa, na mwanafunzi aliyekuwa anamsifu leo asimame aseme hajui kusoma? Akamwomba aende kwa mwenyekiti wa kamati nyumbani, wayamalize kimya kimya.

Mekarisa akamwambia: "Mwalimu, karatasi niliandika mbele ya watu. Nitaivunja mbele ya watu."

Baraza lilikaa nje ya ofisi ya chifu mdogo. Kamati ya wazee kwenye viti, karani mezani, wananchi chini. Mimi nilisimama pembeni na Charo. Watu walikuwa wengi kwa sababu mipaka ilikuwa inawahusu wote.

Kenga alianza. Alisema vizuri, lazima nikiri.

"Wazee wangu, mimi sikumlazimisha mtu. Huyu mama ni msomi wetu wa ngumbaru. Nilimpa karatasi kwa mikono miwili. Akaishika, macho yakatoka huku yakaenda huku, akatikisa kichwa, akachukua kalamu akaandika jina lake mwenyewe. Hata karani yupo. Leo anasema hakukubali. Basi sahihi ya mtu ni nini?"

Mwenyekiti akamgeukia Mekarisa. "Mama, ni kweli uliandika mwenyewe?"

"Ni kweli, mzee."

"Na karatasi uliisoma?"

"Sikuisoma. Sijui kusoma."

Kisha kutoka nyuma kabisa sauti ya mwanamume ikasema: "Kumbe Bwana Dole ni mwanamke."

Baraza lote likacheka. Si kicheko kibaya, wakuu, na hilo ndilo nataka mlielewe. Kilikuwa kicheko cha watu wanaokumbuka mchezo mtamu. Mwingine akadakia lile la mbuzi na gazeti. Mwingine akauliza kama bado anangoja kuzaa wodini. Hakuna aliyemchukia yule mama. Matusi yalikuwa tayari, yameshanolewa miezi mingi juu ya mtu wa chaki, na sasa amepatikana mtu wa kumfaa.

Nilimtazama Charo. Alikuwa anaangalia miguu yake.

Mekarisa hakukaa. Alisimama na leso yake iliyofuliwa, akangoja, kama mtu anayengoja mvua ipite aendelee na safari.

Kicheko kilipopungua akasema: "Chekeni mmalize. Mimi nina siku nzima."

Mwingine akacheka, lakini akajikuta peke yake.

"Mmemaliza?" akauliza. Akaendelea: "Mwanangu Karisa yuko baharini na wavuvi, hana pengine pa kurudi ila pale. Minazi ni ya Kenga. Mume wangu alimuuzia na mimi nilikuwepo, sikatai hata mnazi mmoja. Udongo haukuuzwa. Wazee mko hapa mnajua. Karatasi inasema udongo umekwenda, nami sikujua inasema hivyo."

Kenga akainuka. "Anajifanya. Mtu aliyeandika jina namna ile atakosaje kusoma?"

Mzee mwenyekiti akafikiri. Akamwambia karani ampe mama karatasi yoyote asome. Karani akampa tangazo lililokuwa mezani.

Mekarisa akalishika kwa mikono miwili, mbele ya watu wote wa kijiji chake. Mara hii macho yake hayakutoka huku kwenda huku. Aliinua kidole akakiweka mahali pamoja.

"Hii naijua. Ni ka. Imo katika jina langu, na imo katika jina la mwanangu."

Akasogeza kidole.

"Na hii hapa ni ka tena. Hizi nyingine zote sizijui. Nilifundishwa jina kwanza. Huko kwingine bado sijafika."

Akarudisha karatasi mezani.

Wakuu, nimeona watu wengi wakisema ukweli kwa sababu wamebanwa. Huyu hakubanwa. Uwongo ulikuwa mlango ulio wazi, mimi mwenyewe nilimfungulia. Akaupita bila kuingia.

Wazee waliteta. Kisha mwenyekiti akasema neno ambalo mimi nililiona la hekima: karatasi ile ihesabiwe kama haijaandikwa, isomwe upya kwa sauti mbele ya mashahidi kana kwamba mama amesema dole, naye aulizwe kama anakubali. Benchi likaletwa nje, Mekarisa akakaa, karani akaisoma. Mekarisa akaulizwa.

"Minazi nakubali. Ardhi sikubali."

Wakamgeukia Kenga. Mwenyekiti akamwuliza mbele ya watu kama marehemu alimuuzia udongo. Kenga akajikuna shingo. Alikuwa na sauti, nimesema, lakini hakuwa mwizi.

"Udongo hatukuutaja," akasema.

Ikaandikwa hivyo. Kigingi kikang'olewa siku ile ile.

Tukiwa bado pale Charo akaninong'oneza jambo ambalo mpaka leo nalitafuna. Nilikuwa nimemwambia, kwa mzaha, kwamba leo amepata mpinzani katika kuigiza. Hakucheka.

"Unajua mimi pia siwezi kusoma zaidi ya pale alipofika yeye," akasema. "Nikiwa ndani ya koti lile watu hudhani ninajua, ndiyo maana nacheka kutojua. Nilikuwa namtukana Dole ili asifanane na mimi."

Sasa turudi kwenye mjadala wenu, maana sikuyaandika haya ili niwape hadithi ya bure.

Mnaposema mhusika wa kubuni haumii, mko sawa. Bwana Dole hakuumia hata siku moja. Alifutwa jioni, akachorwa tena wiki iliyofuata, dole lake lile lile. Mnaposema aliyetukana hakukusudia ubaya, pia mko sawa. Yule mama wa mbuzi alikuwa mtu mwema, Mekarisa akiugua ndiye aliyempelekea uji.

Lakini tusi lile halikuishia kwa mtu wa chaki. Lilikaa chumbani na watu. Kila aliyekuwa na hali ile ile ya Bwana Dole alijifunza mambo mawili kwa pamoja: herufi kidogo, na kujificha sana. Na hilo la pili walilisoma kwa haraka zaidi. Mekarisa alikwenda mbele ya karani, ngao iko pale bure, benchi lipo, mashahidi wapo, yeye akaikataa ngao kwa sababu tulikuwa tumeipaka uchafu tukicheka.

Kwa hiyo mimi natofautisha. Katika hadithi zenu mkimtukana mhusika kwa ubaya alioufanya, mwueni kwa maneno, mimi nitawashangilia. Mwizi atukanwe kwa wizi wake, dhalimu kwa dhuluma yake. Hadithi bila hasira ni maji ya dafu lililochacha. Ila mkimtukana kwa hali yake, mguu wake, kutosoma kwake, asili ya babu zake, jueni hali hiyo si yake peke yake. Mmeiazima kwa watu walio hai, na mmoja wao huenda yumo humo humo kwenye group, anaandika hahaha kama ninyi, leso iko mdomoni.

Kuna mkuu aliandika juzi kwamba mtu wa namna hiyo ikimuuma atoke, hakulazimishwa. Namjibu kwa heshima: Mekarisa angetoka angekwenda wapi? Ngumbaru ilikuwa moja. Ukimtoa anayehitaji darasa ili anayecheka akae kwa raha, darasa ni la nini?

Na wala sisemi kila tusi lifutwe, au kila msimamizi apewe panga. Mimi nasema mwenye kutukana ajue anapopiga. Hilo si jambo la sheria. Ni adabu tu.

Namalizia na kile kilichotokea jioni ile, kwa sababu ndicho kilichonifanya niwe na msimamo huu na nisiuache.

Kesi ya Mekarisa ilipokwisha, mwenyekiti aliuliza kama kuna mwingine mwenye shauri. Kawaida watu huanza kusimama na kukung'uta nguo. Mara hii hawakusimama.

Akainuka mzee mmoja ambaye kila mtu alimheshimu, mzee wa kanisa, ambaye Jumapili zote alikaa mbele na kitabu cha nyimbo mkononi na kufungua kurasa. Alitembea hadi kwa karani, akatoa karatasi yake mfukoni. Ilikuwa na sahihi yake, nzuri, yenye mkia.

Akaiweka mezani, akasema kwa sauti ya chini, lakini sote tulisikia:

"Na mimi nisomewe."

Karani akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akaashiria benchi. Yule mzee akaenda akakaa.

Hakuna aliyecheka. Nyuma yake akainuka mwanamke, halafu kijana, halafu yule mama wa mbuzi na gazeti, amejifunika leso mpaka kwenye nyusi. Wote walikuwa wameandika majina yao. Wote walikuwa wamesema sahihi.

Benchi likajaa. Mekarisa akasogea, akawapa nafasi.

Karani alisoma mpaka sauti ikamkauka, wakamletea maji, akaendelea.

Huo ndio ushahidi wangu, wakuu. Anayeniona nimekosea anioneshe nilipokosea, nitamsoma kwa utulivu. Na kama humu yupo aliyewahi kucheka pamoja na wenziwe akitukanwa mhusika wa hali yake mwenyewe, na akataka kulisema, uwanja ni wako. Ukiona haya kuliandika hapa, njoo faragha. Nitasoma neno kwa neno.